Vidole Vyekundu vya Mama Mkwe

Kacha. Kacha. Kacha.

Nyamazeni kidogo, wanangu, sogeeni huku motoni, na wewe acha kumvutia mwenzako shuka. Sauti hiyo mnaijua? Usiku wa manane, watu wamelala, mbwa wamenyamaza, na ndani ya nyumba moja kuna kitu kinakata kitu. Kacha, kacha.

"Panya!"

Panya yumo, lakini anayekata si yeye. Mtamwona, ngojeni. Kwanza niitikieni. Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa nini?

"Sema wewe!"

Pakawa karatasi nyekundu, mkunjo juu ya mkunjo, ukiifungua kabla ya wakati umeiharibu. Basi na ngano yangu msiifungue kabla ya wakati.

Hapo kale, babu wa babu zetu hawajazaliwa, katika nchi ya Uchina, mbali kule kaskazini kwenye vilima vya udongo wa manjano, palikuwa na kijiji ambacho watu wake hawakujenga nyumba, walizichonga ndani ya kilima. Unaingia mlangoni na uko tumboni mwa ardhi. Kitanda chao cha udongo, chini yake kuna moto, maana baridi ya huko si baridi ya kuchezea. Dirisha ni moja tu, la vijiti, na juu ya vijiti wamebandika karatasi nyeupe, kioo hakikuwapo. Na kama sisi tunavyotandika mkeka mpya sikukuu ikikaribia, wao walichukua karatasi nyekundu, wakaikunja, wakaikata kwa mkasi, wakatoa maua, ndege na wanyama, wakavibandika dirishani kwa uji wa unga. Kila mwanamke wa kijiji kile alijua kukata. Kila mwanamke, ila mmoja.

"Nani?"

Lanzi. Lanzi alikuwa ameolewa pale kutoka mbali, kutoka bondeni mtoni, na kwao bondeni hawakukata karatasi, walisuka majani. Alikuwa mama mchanga. Mtoto wake wa kwanza aliitwa Shuan, maana yake Aliyefungwa, jina alilopewa na bibi yake ili mtoto afungwe hapa duniani asipotee. Meno mawili tu kinywani. Mumewe alikuwa amekwenda na punda kufuata chumvi, njia ya mwezi mzima, kwa hiyo ndani ya nyumba ile walibaki Lanzi, mtoto, na mama mkwe, bibi mmoja mkavu, mwenye maneno machache kama mvua ya kule.

Sasa usiku ule Lanzi akasikia. Kacha. Kacha. Kacha. Akamshika mtoto kifuani, akainuka polepole, akachungulia nyuma ya pazia. Akaona nini?

"Mchawi!"

Ngojeni. Akamwona mama mkwe ameinama juu ya taa ya mafuta. Mkononi ana karatasi nyeupe, na juu ya karatasi amelaza umbo dogo, lina kichwa, lina mikono miwili, lina miguu miwili. Umbo la mtoto. Na bibi anaipitisha karatasi ile juu ya moshi wa taa, anaipitisha, anaipitisha, mpaka karatasi yote ikawa nyeusi tititi. Kisha akalibandua lile umbo, na mahali lilipokuwa pakabaki kivuli cheupe cha mtoto katikati ya weusi. Akakiweka juu ya karatasi nyekundu iliyokunjwa, akaanza kukikata pembeni. Na vidole vyake, wanangu, vidole vyote kumi vilikuwa vyekundu.

"Hina!"

Kule hawapaki hina.

Lanzi akajikaza, akauliza, "Mama, unakata nini?"

Mama mkwe akainua macho. Akambana kwa macho, akabana na midomo, hakujibu. Mkasi ndio uliojibu, ukaimba hivi, nanyi muushike wimbo:

*Kacha kacha, sisemi,*
*Kacha kacha, nakata,*
*Mwenye mtoto alale,*
*Kacha kacha, usiku ni wangu.*

Alale wapi? Lanzi alikaa macho mpaka asubuhi, mtoto kamkumbatia hata mtoto akalia.

Kulipokucha akaona paka mwekundu wa karatasi amebandikwa kwenye mtungi mkubwa wa mtama, na jogoo mwekundu amebandikwa dirishani. Yule mtoto wa karatasi hakubandikwa popote. Lanzi akatafuta kwa macho, akatafuta, hata akamwona: ncha yake nyekundu imetokeza kwenye kikapu cha nyuzi cha mama mkwe, chini kabisa, amefichwa.

Kwa nini afichwe? Paka na jogoo hadharani, mtoto afichwe? Angeuliza. Lakini hakuuliza, aliogopa, akachukua mtama akaenda kusaga.

Na pale penye jiwe la kusagia, kwenye tundu la ukuta, ikatokea pua. Panya. Akasafisha sharubu zake, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Shuan, mimi simo. Nasema tu nilichokiona."

"Umeona nini?"

"Mimi simo kabisa. Lakini vidole vya mkweo umeviona? Wekundu ule ni nini? Na yule paka wa mtungini, kila ukichota mtama anakuangalia, usiku anakwenda kusema. Mimi ningekuwa na mtoto mdogo nisingekubali. Mtoe. Nipe mimi nikakuzikie, mambo haya hayatupwi ovyo."

Lanzi akautazama mtungi. Kweli, yule paka alikuwa na macho. Akambandua, akampa panya, panya akamvuta tunduni akapotea.

Haikupita wiki mtama ukashuka mtungini, kifuniko cha mti kimetafunwa pembeni. Mama mkwe akaja, akautazama mtungi usio na paka, akamtazama Lanzi, akasema neno moja tu: "Mtama umepungua."

Lanzi moyo ukampasuka. Akakimbilia kwenye jiwe la kusagia. "Panya, ananiita mwizi."

"Nilikwambia nini? Anauficha yeye mwenyewe usiku, ili mwanawe akirudi akurudishe kwenu kama mwizi, na mtoto abaki naye. Lakini mimi simo."

"Panya mwongo!"

Ninyi mnajua, Lanzi hakujua. Ukiogopa, anayekuja kukunong'oneza unamwona ndugu.

"Nifanye nini?" akauliza.

"Jogoo. Yule wa dirishani. Huoni kaelekeza mdomo kitandani? Anadonoa pumzi ya mtoto wako, punje punje, kama mtama. Mtoe unipe."

Lanzi akapanda juu ya kitanda, akaanza kumbandua jogoo. Jogoo hakubanduka vizuri, uji wa unga umekwisha kauka, akavuta, akavuta, na karatasi ya dirisha ikapasuka pamoja naye. Tundu la kupita ngumi ya mtoto. Akasokota kitambaa akaliziba, akampa panya jogoo, panya akamvuta tunduni akapotea.

Lakini mnajua jogoo kazi yake nini? Kule wanasema jogoo wa dirishani ndiye anayekula nge na tandu. Jogoo hayupo, nge akasema na nafsi yake, "Leo nyumba hii haina mwenyewe, na kitanda chake kina moto chini, nami mifupa inaniuma baridi." Akashuka ukutani, taratibu, mkia juu.

Jioni ile Lanzi alikuwa ametoka kuchota maji. Aliporudi, ndoo bado mkononi, alimkuta mama mkwe ameinama juu ya kitanda, mkono wake wote mpaka kiwikoni umo ndani ya matandiko ya mtoto. Bibi akashtuka, akautoa mkono, ngumi imefumbwa. Akampita Lanzi bila neno, akatoka uani, akatupa kitu chini, akakikanyaga, akakikanyaga tena. Akarudi mkono ameuingiza ndani ya shati.

"Mtoto amelala," akasema. "Usimwamshe."

Hayo tu. Jamani, hata nyinyi mngefikiri nini?

"Amemtoa moyo!"

Ndivyo alivyofikiri. Akamfunua mtoto, akampapasa kichwa, akampapasa tumbo, mtoto mzima. Lakini usiku mtoto akachemka. Akawa moto kama chungu, pumzi zake zinapiga filimbi. Lanzi hakuona kwamba kile kitambaa cha dirishani kilikuwa kimekwisha anguka, na upepo wa vilimani, baridi kama kisu, ulikuwa unaingia moja kwa moja kichwani pa mtoto. Hakuona, kwa sababu macho yake yote yalikuwa yanamwangalia mama mkwe.

Maana mama mkwe aliwasha taa. Akavuta kikapu. Akamtoa yule mtoto wa karatasi, aliyekunjwa mkunjo juu ya mkunjo, kazi imefika nusu. Akaushika mkasi kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia hakuutoa shatini.

Kacha... kacha... Mkasi ulikuwa unakwenda upande, kama mtu anayechechemea.

"Mama, unakata nini?" Lanzi akauliza. Kimya. "Mwanangu anakufa, unakata nini?"

Mkasi ndio uliojibu. Imbeni.

"*Kacha kacha, sisemi, kacha kacha, nakata...*"

Na kutoka kwenye jiwe la kusagia panya akaita, "Mama Shuan, ndiyo saa yenyewe. Mimi simo, lakini mnyang'anye hiyo karatasi uniletee. Kisha fungua mlango, umsukume huyo bibi nje kwenye theluji, na mlango uuache wazi mpaka asubuhi, uchawi wake utoke umfuate."

Lanzi akaruka, akamnyang'anya. Mama mkwe hakupiga kelele, hakutukana. Alinyoosha mkono mmoja hewani, machozi yakamtoka, midomo kaibana vile vile. Lanzi akakimbia na karatasi mpaka penye jiwe, analia, machozi yanadondokea mikononi mwake.

"Lete, lete," panya akasema. "Au uifungue wewe mwenyewe kwanza, ujionee alivyokuwa anamkata mwanao."

Lanzi akaweka kidole kwenye mkunjo.

"Usifungue!"

Akaweka kidole kwenye mkunjo, na panya kwa pupa akatoka tunduni mzima mzima, kichwa mpaka mkia, mwanga wa taa ukamwangukia. Sharubu nyekundu. Mdomo mwekundu. Meno mekundu mpaka kwenye fizi.

Lanzi akasita. "Panya, mdomo wako umekula nini?"

"Mimi simo."

"Sikukuuliza kama umo. Nimekuuliza umekula nini."

Panya akajipangusa kwa mkono, na mkono nao ukawa mwekundu. Lanzi akaitazama mikono yake mwenyewe. Karatasi ilikuwa imelowa machozi, na vidole vyake vyote, cha kwanza mpaka cha mwisho, vilikuwa vyekundu. Si damu ya mtu. Ni rangi tu, wanangu, rangi ya karatasi ya bei ndogo, ukiishika na unyevu inakushika nayo. Siku zote hizo alikuwa anaviogopa vidole vya mwenzake, kumbe ni hiyo.

"Na mlango," akasema polepole, "kwa nini niuache wazi mpaka asubuhi?"

"Wageni wangu watapitaje?" panya akasema, hata kabla hajafikiri. "Nimealika ukoo mzima, kesho ninaoa, mtama upo, na paka..."

Akanyamaza. Lakini limekwisha toka. Lanzi akainama akachungulia tunduni, akaona mtama umejaa, na juu ya mtama vipande vyekundu vilivyotafunwa, hapa sikio la paka, pale mkia wa jogoo. Akashika kifuniko cha mtungi akakibwaga, paa! Panya akawahi kuingia, lakini kipande cha mkia kikabaki nje. Mpaka leo yumo ukutani, hatoki mchana, na ukisikia usiku anasema psi psi psi, ujue bado anadai kwamba yeye hayumo.

Lanzi akarudi kitandani. Mama mkwe alikuwa amempakata mtoto, amempa dirisha mgongo, upepo unampiga yeye. Na mkono wa kulia sasa ulikuwa nje ya shati. Umevimba kama andazi.

"Mama, mkono."

Bibi akavuta pumzi. "Sasa umeuondoa mkasi kwenye karatasi, naweza kusema. Nge. Alikuwa kwenye matandiko ya mtoto, karibu na shingo. Sikupata muda wa kutafuta kijiti."

"Hukuniambia."

"Ningekwambia, ungelala usiku huu? Mama anayenyonyesha, hana usingizi, maziwa yanatoka wapi?"

"Lakini nimekuuliza, mama. Mara mbili nimekuuliza unakata nini, unanitolea macho tu."

"Kwetu anayemkatia mtoto hasemi mpaka mkasi utoke kwenye karatasi," mama mkwe akasema. "Akisema, anakata na maneno. Nilidhani unajua. Nani asiyejua?"

"Mimi. Kwetu tunasuka majani. Na ule moshi?"

"Moshi ndio unaochukua mfano wa zamani kuuhamishia karatasi mpya. Mfano huo aliukata mama yangu, umechakaa, utavunjika mwakani. Na taa tunaiwasha usiku tu, mchana moshi nitaupata wapi?" Akamfunika mtoto miguu. "Watoto wa karatasi hawabandikwi mtoto akiwa mzima. Wanawekwa kikapuni, wanangoja. Akiugua ndiyo wanatolewa, waende wakamwite arudi. Ningengoja augue ndipo nianze kukata, ningechelewa. Ungeniuliza asubuhi, mwanangu. Asubuhi mdomo ninao."

"Niliogopa."

Mama mkwe akamsogeza mtoto kifuani. Kisha akasema, "Na mimi. Nilipoona umemtoa paka, kisha jogoo, nilisema moyoni, huyu mke wa mwanangu hataki kitu cha mkono wangu nyumbani kwake. Nikaogopa kuuliza, nisije nikajibiwa."

Mnaona? Wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja anamsikiliza panya wake.

Mtoto akapiga filimbi ya pumzi. Mama mkwe akaiangalia karatasi mkononi mwa Lanzi. "Umeifungua?"

"Sijaifungua."

"Basi haijaharibika. Shika mkasi."

"Sijui kukata, mama."

"Mkono wangu haujui tena. Wako utajua. Fuata weusi wa masizi, usitoke. Na pale mikono inaposhikana, usikate, hata kidogo. Ukikata pale wataachana."

Wote wawili wakabana midomo. Lanzi akakata. Mkasi mzito, mama mkwe anamgeuzia karatasi kwa mkono wa kushoto, neno hakuna. Na safari hii mkasi ukaimba mwingine:

*Kacha kacha, twakata,*
*Kacha kacha, wawili,*
*Mwenye mtoto ameshika,*
*Kacha kacha, usiku ni wetu.*

Ulipotoka kwenye karatasi, wakaifungua. Watoto watano wekundu, wameshikana mikono, hakuna aliyeachana na mwenzake. Mmoja kidogo kichwa kimekwenda upande. Wakawabandika dirishani, juu ya lile tundu, na upepo ukakatika kama mtu aliyezibwa mdomo.

Sasa hapa nawahitaji. Mama mkwe alisimama mlangoni akaita, na Lanzi kutoka kitandani akaitika, ndivyo kwao wanavyofanya. Mimi nitaita, ninyi muitike: Amerudi. Tayari?

Shuan, rudi nyumbani.

"Amerudi!"

Shuan, kitanda kina moto, rudi nyumbani.

"Amerudi!"

Shuan, mama yako na bibi yako wako pamoja, rudi nyumbani.

"Amerudi!"

Alfajiri mtoto akatoka jasho, likamlowesha mpaka shingoni. Akafumbua macho, akalitazama dirisha ambalo jua lilikuwa linapita katikati ya wale watoto watano, akanyoosha mkono kuwashika. Kisha akalia anataka kunyonya. Lanzi akamnyonyesha huku analia, na mama mkwe akajifunga mkono wake kwa kitambaa chenye majivu, akalia na yeye, lakini kidogo, si mtu wa mengi.

Siku ile ile Lanzi akakata paka mpya. Sikio moja kubwa kuliko jingine, mkia mnene kama mchi, tumbo lake mimi hata sijui niseme nini. Mama mkwe akamtazama yule paka, akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mbandike hivyo hivyo. Panya akimwona hatajua ni mnyama gani, ataogopa zaidi." Na kweli, mtama haukupungua tena.

"Na baba yake Shuan?"

Naja. Punda walipoanza kusikika bondeni, kengele shingoni, chumvi mgongoni, Lanzi akamgeukia mama mkwe. Akasema, "Mama, utamwambia? Kwamba nilikunyang'anya karatasi, kwamba nilitaka kukusukuma nje kwenye theluji?"

Mama mkwe akauchukua mkasi, akaufumba. "Huu una midomo miwili. Ukiwa wazi unakata, ukifumbwa hausemi. Nitamwambia nini mwanangu? Kwamba panya alikula mtama? Panya hula mtama. Sitamwambia mtu."

"Na mimi sitamwambia mtu," Lanzi akasema.

Mume akaingia, akalitazama dirisha, akamtazama paka, akauliza, "Huyu mbuzi kakatwa na nani?" Wanawake wawili wakatazamana, wakashika vitambaa vyao midomoni.

Basi wanangu, ukimwona mwenzako vidole vyekundu, muulize yeye, asubuhi, uso kwa uso. Usiende kumuuliza panya. Panya hakosi jibu, na kila anaposema hayumo, tazama mdomo wake.

Ngano yangu naikunja hapa, pale pale mkunjo ulipoanzia. Iliyo nzuri mkae nayo, iliyopinda mniachie mimi nikaibandike mtungini.

"Lakini kama hawakumwambia mtu, wewe ulijuaje?"

Lo, huyu mtoto. Sogea. Sogeeni wote, niwaambie hili moja, kisha mlale. Aliniambia mtu mmoja aliyekuwa na vidole vyekundu, nami nikaapa, na sasa mnaapa ninyi. Semeni pamoja nami, polepole, ukuta una masikio madogo: hatutamwambia mtu mwingine.

"Hatutamwambia mtu mwingine."